Damu Inapokosa Njia ya Kutoka: Vena za Ubongo na Maumivu ya Kichwa Baada ya Kujifungua

Tunapofundisha kiharusi huanza na ateri, na mara nyingi huishia hapohapo. Hoja yangu ni kwamba mazoea hayo yanawaumiza hasa wanawake waliotoka kujifungua. Mgando wa damu katika vena za ubongo humpita kwa urahisi mganga asiyejua damu hutokea wapi.

Vena za ubongo humwaga damu katika mifereji iliyo kati ya matabaka mawili ya utando mgumu unaoufunika ubongo. Mfereji mkubwa wa juu hupita katikati ya fuvu, kutoka pajini hadi kisogoni. Huko ndiko unakofika pia mfereji ulionyooka, wenye kubeba damu ya sehemu za ndani kutoka vena kuu ya Galen. Makutano hayo yanaitwa kwa jina la Herophilus, mwanaanatomia wa Alexandria wa karne ya 3 KK. Kisha damu hushika njia ya kulia na ya kushoto, kwa kawaida ya kulia zaidi, hadi kwenye vena kubwa za shingo.

Mifereji hii haina vali wala misuli. Isitoshe, sehemu ya maji ya ubongo hurudi kwenye damu kupitia vinundu vilivyochomoza ndani ya mfereji wa juu. Ukiziba, damu na maji vyote hukwama: presha ndani ya fuvu hupanda, macho huona ukungu, mgonjwa hupata degedege, na vishipa vilivyofurika huvuja.

Majuma ya kwanza baada ya uzazi, damu huganda kwa wepesi. Mzazi akishikwa na degedege, wodini hutajwa kifafa cha mimba, na ni sahihi kabisa kumwanzishia magnesiamu salfeti. Lakini presha yake ikiwa ya kawaida na mkojo hauna protini, kwa nini tuishie hapo? Wengine huambiwa kichwa kimesababishwa na sindano ya ganzi ya mgongoni. Maumivu ya sindano hiyo hupungua mgonjwa akilala. Ya mgando mara nyingi huzidi, maana pasipo vali presha ya vena hupanda kichwa kinaposhuka. Kumuuliza akilala anajisikiaje hakuhitaji mashine. Skani ya CT ya kawaida, kwa upande wake, inaweza kuonekana safi huku mfereji umeziba. Ndipo inapohitajika picha ya vena zenyewe, kwa CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa au kwa MRI.

Kinachowatia wengi hofu ni kutoa heparini wakati skani inaonyesha damu imevuja. Hofu hiyo inaeleweka, ila inatazama tokeo na kusahau chanzo, kwa kuwa damu imevuja kwa sababu njia ya kutokea imeziba. Mwaka 1991 Einhäupl na wenzake nchini Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 20. Kati ya 10 waliopewa heparini, 8 walipona kabisa na hakuna aliyekufa, wakiwamo waliokuwa wamevuja damu ubongoni. Kati ya 10 wasiopewa, 3 walifariki. Jaribio ni dogo, lakini miongozo ya tiba ya leo bado inashika njia hiyo. Na heparini haimzuii mzazi kunyonyesha.