Tala na Miji ya Wastaafu: Historia ya Kurudi Nyumbani

Miji ya wastaafu, yaani miji ambayo sehemu kubwa ya wakazi wake ni watu waliomaliza utumishi na wanaoishi kwa malipo ya uzeeni, huhesabiwa na wengi kuwa jambo la Ulaya, na hasa la miji midogo yenye utulivu iliyo kando ya bahari kusini mwa Uingereza. Hata hivyo Tala, mji wa soko ulioko Matungulu katika Kaunti ya Machakos, kiasi cha kilomita 60 mashariki ya Nairobi, umewapokea wastaafu kwa karibu karne nzima, ingawa hauna bahari wala haukupangwa na serikali yoyote kwa ajili ya wazee. Mtu akizilinganisha historia hizi mbili huona kwamba hazikusimama mbali mbali, kwa kuwa uzee wa Mwingereza wa pwani uliwahi kugharimiwa, kwa sehemu, na kodi ya Mkamba, mwenyeji wa Tala.

Nchini Uingereza, desturi ya kwenda baharini ilianza kama tiba. Katika miaka ya 1750 daktari Richard Russell aliandika kuhusu manufaa ya maji ya bahari kwa maradhi, na matajiri wakaanza kuyafuata Brighton. Reli ilipofika Brighton mwaka 1841 na Eastbourne mwaka 1849, safari iliyokuwa ya wachache ikawa ya watu wa tabaka la kati, na waliozoea kwenda huko kwa mapumziko ya kiangazi wakaanza kuhamia moja kwa moja walipozeeka. Sheria ya Pensheni ya Uzeeni ya mwaka 1908, iliyoanza kulipa tarehe 1 Januari 1909, iliwapa maskini waliofikisha miaka 70 hadi shilingi 5 kwa wiki. Kiasi hicho hakikutosha kumnunulia mtu nyumba ya pwani, lakini kilithibitisha kanuni kwamba dola inawajibika kwa uzee wa raia wake. Nyumba zenyewe zilinunuliwa na wenye pensheni nono zaidi, ambao miongoni mwao walikuwamo maofisa waliotumikia India na makoloni ya Afrika, na miji kama Bexhill na Eastbourne ikajulikana kwa watu wa aina hiyo.

Hapo ndipo Tala inapoingia katika historia hii. Pensheni ya ofisa wa koloni haikulipwa na mlipakodi wa Uingereza, bali ilitozwa kwenye mapato ya koloni alikotumikia, na sehemu ya mapato ya Kenya ilitokana na kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1901 na kutozwa kwa kila nyumba ya Mwafrika. Kwa hiyo mkulima wa Matungulu alichangia utulivu wa mzee wa pwani asiyemjua, wakati yeye mwenyewe hakuwekewa akiba yoyote ya uzeeni. Mpango huo haukukoma mara moja bendera ilipobadilishwa mwaka 1963, kwani ilichukua hadi miaka ya 1970 kabla Uingereza haijakubali kuubeba mzigo wa pensheni hizo.

Kukosekana kwa pensheni kwa mfanyakazi Mwafrika hakukuwa kusahauliwa. Mfumo wa kazi wa kikoloni ulijengwa juu ya dhana kwamba mwanamume wa rizavu, yaani eneo lililotengewa wenyeji, alikuwa mgeni mjini, na kwamba mkewe, watoto wake na uzee wake vingetunzwa na shamba la nyumbani. Kwa sababu hiyo alilipwa mshahara wa mseja, akapewa kitanda badala ya nyumba, na kumaliza utumishi kukawa na maana ya kuondoka Nairobi. Aliyebahatika alipewa kiinua mgongo, malipo ya mara moja ya kumuaga, ambayo ni tofauti na pensheni inayolipwa kila mwezi hadi kufa. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilikiri kwamba mshahara wa aina hiyo haukuweza kuikimu familia, lakini kufikia wakati huo vizazi viwili vya askari, makarani, wapishi na vibarua wa reli walikwisha kujipangia uzee wao.

Waliupanga kwanza kwa mifugo. Akiba ya mshahara iligeuzwa ng'ombe na mbuzi, na mifugo hiyo haikuwa mali tu, bali njia ya kupanda daraja, kwa maana miongoni mwa Wakamba mwanamume aliingia katika nzama, baraza la wazee, kwa kutoa mbuzi na pombe kwa waliomtangulia. Aliyerudi kutoka kazini hakurudi kukaa bure. Alirudi kuchukua nafasi katika thome, uwanja ulio nje ya boma ambapo wanaume huota moto na kuamua mashauri. Serikali ilipoanza mwaka 1938 kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, ikidai kwamba ardhi inachakaa, iligusa akiba ya uzee ya wilaya nzima, na hiyo ni sababu mojawapo ya ukali wa upinzani uliofuata. Maelfu ya Wakamba walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi wakidai kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kizuizini, lakini serikali ililazimika kulegeza amri yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akiba hiyo ilihamia katika udongo. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la mfalme wa Uingereza, na walioachiliwa walirudi na fedha pamoja na maarifa ya nchi walizoziona, yakiwamo ya matuta ya ngazi yanayozuia mvua isichukue udongo. Matuta hayo yalichimbwa kwa mwethya, yaani ushirika wa majirani wanaofanya kazi shamba hili leo na lile kesho, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake ambao waume zao walikuwa bado mjini. Jambo hili halina budi kusisitizwa, kwa kuwa shamba ambalo mstaafu alilikuta likimsubiri lilikuwa limehifadhiwa na mkewe kwa miaka 20 au 30. Kufuatia Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliokusudiwa kukuza kilimo cha Waafrika, wakulima wa Matungulu na Kangundo walipata nafasi ya kupanda kahawa, zao ambalo kwa muda mrefu walowezi walikuwa wamejihifadhia, na bei ilipopanda sana mwaka 1976 na 1977 baada ya baridi kali kuharibu mikahawa ya Brazil, mstaafu mwenye mikahawa aliweza kusomesha wajukuu.

Serikali huru iliunda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii mwaka 1965, lakini kwa muda mrefu mfuko huo ulilipa mkupuo mmoja badala ya malipo ya kila mwezi, na mkupuo ulielekezwa kwenye bati, tangi la maji au kibanda cha duka sokoni Tala. Waliopata pensheni ya kila mwezi walikuwa hasa walimu na watumishi wengine wa serikali. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa kusitishwa mwaka 1989, tofauti kati ya mzee mwenye pensheni na asiye nayo ilionekana wazi kijijini. Malipo ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa misaada ya fedha, shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo mwaka 2018 yalipanuliwa ili kuwafikia wote waliotimiza miaka 70, yalikuja kama fidia ndogo iliyochelewa, karibu miaka 110 baada ya sheria ya Waingereza.

Leo mkondo umegeuka. Barabara ya Kangundo imeifanya Tala kuwa kitongoji cha Nairobi, na mashamba yaliyotunza wazee hukatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, ambazo hutosha nyumba lakini hazitoshi kahawa wala mahindi. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia pamoja na dola. Kwa karne nzima dola iliiachia ardhi ya Tala wajibu huo. Ardhi hiyo ikiisha kugawanywa, pensheni ya kweli kwa kila mzee haitakuwa tena hisani ya serikali, bali deni ambalo lazima lilipwe.