Nafasi Tupu katika Daftari la Joseon

Katika mabuku manne yaliyotoka 2013 na 2014, mwanahistoria Han Young-woo alishikilia kwamba mtihani wa utumishi wa serikali wa enzi ya Joseon nchini Korea uliwainua watu wengi wa tabaka la chini hadi kwenye vyeo vya serikali. Miongoni mwa aliowahesabu hivyo ni wafaulu ambao wazazi na mababu zao hawakuandikwa katika daftari la mtihani, au ambao koo zao hazionekani katika vitabu vya nasaba. Dai hilo linagongana na kazi ya wanahistoria Edward Wagner na Song June-ho, waliochambua kwa miongo kadhaa majina ya wafaulu yapatayo 14,600 na kukuta koo chache zimejizolea nafasi.

Mtihani wenyewe unajulikana: ule wa kawaida ulikuwa kila baada ya miaka mitatu, ukachagua watu 33, mpaka ulipofutwa 1894. Linalopuuzwa ni daftari. Gukjo Bangmok, linalokusanya wafaulu wa enzi nzima, limetufikia katika nakala kadhaa za mkono, zikiwemo za maktaba za Kyujanggak na Jangseogak. Waliolikusanya walitegemea orodha za kila mtihani, na nyingi za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupotea. Hivyo basi, pengo katika nakala linaweza kuwa la orodha iliyopotea au la mnakili aliyefupisha. Si lazima liwe la ukoo duni.

Tena daftari hili halikuepuka siasa. Mwaka 1519 afisa mwanamageuzi Jo Gwang-jo na wenzake walimshawishi Mfalme Jungjong aendeshe mtihani wa watu waliopendekezwa kwa elimu na uadilifu wao. Walifaulu 28, Kim Sik akiwa wa kwanza. Haukupita muda wapinzani wakamwangusha Jo, akahukumiwa kunywa sumu, na matokeo yakabatilishwa. Baadaye, katika karne hiyohiyo, yakarejeshwa. Watu walewale 28 walikuwa wafaulu, wakavuliwa ufaulu, kisha wakarudishiwa, na nasaba zao hazikubadilika hata kidogo. Aliyepatikana na hatia ya uhaini naye aliweza kufutwa, hata kama alikuwa mtoto wa waziri.

Wanaosema vitabu vya nasaba vitaziba mapengo ya daftari hawanishawishi. Vitabu hivyo viliandikwa na koo zilizodumu. Ukoo uliokatika haukuacha wa kuuandika, na ule uliotajirika uliweza kujipachika kwa mababu wa wengine.

Swali la Han ni la haki, kwani watu wasio na majina makubwa wanastahili kutafutwa. Lakini watafutwe kwa nakala zote zikiwa zimefunguliwa pamoja, mtihani kwa mtihani. Asiye na baba katika nakala zote ana haki ya kuchunguzwa upya. Asiye naye katika nakala moja tu asihesabiwe bado upande wowote.