Homoni: Neno Lililozaliwa na Maji ya Kongosho

Neno "homoni" limekuwa la kila siku. Utalisikia kliniki ya uzazi wa mpango, kwa mgonjwa wa kisukari, hata saluni. Wachache wanajua kwamba asili yake ni kongosho, na kwamba hadithi yake ilianzia London, alasiri ya tarehe 16 Januari 1902.

Enzi hizo bingwa wa elimu ya mmeng'enyo alikuwa Ivan Pavlov wa St Petersburg, Urusi. Yeye na wanafunzi wake walishikilia kuwa neva ndizo zinazoliamrisha kongosho. Chakula kilichochanganyika na asidi kikitoka tumboni na kuingia utumbo mwembamba, kongosho humwaga maji yake. Basi, walisema, neva zimepeleka habari. Watafiti wengine walikata neva kubwa, maji yakaendelea kutoka. Hata hapo wakaamini zipo neva ndogo zilizobaki zikifanya kazi.

William Bayliss na Ernest Starling wa University College London walikuwa mtu na shemeji yake: Bayliss alimwoa Gertrude, dada yake Starling. Siku hiyo ya Januari walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakatenga kipande cha utumbo na kukata neva zake, kikabaki kimeshikana na mwili kwa mishipa ya damu tu. Wakatia asidi. Kongosho likamwaga maji vilevile!

Starling akatambua papo hapo kwamba ujumbe ule ulikuwa wa kemikali. Wakakwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga pamoja na mchanga na asidi, wakachuja, kisha wakaingiza maji yale kwenye mshipa wa damu wa shingoni. Haukupita muda, kongosho likaanza kumwaga tena. Mchanga, asidi na chujio: vitu vya kawaida kabisa, lakini vilithibitisha kwamba kiungo kinaweza kukituma kiungo kingine kupitia damu. Kemikali hiyo wakaiita sekretini. Kazi yake ni kulifanya kongosho litoe maji yenye bikaboneti, yanayopunguza ukali wa asidi kabla haijaunguza utumbo. Vimeng'enya vya kongosho huchochewa zaidi na homoni nyingine, kolesistokinini, iliyotambuliwa mwaka 1928 kwa kazi yake ya kukaza kifuko cha nyongo.

Habari zilipofika St Petersburg, Pavlov aliagiza jaribio lirudiwe mbele yake. Kongosho likamwaga. Aliondoka kimya, akajifungia chumbani mwake kama nusu saa, akarudi na kukiri kwamba Waingereza wale wako sahihi. Mimi namheshimu zaidi kwa nusu saa ile kuliko kwa majaribio yake maarufu ya mbwa.

Juni 1905, akihutubia madaktari London, Starling alilitumia neno "homoni", kutoka Kigiriki, lenye maana ya kuchochea. Pavlov alikuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Bayliss alifariki mwaka 1924 na Starling mwaka 1927, wote bila tuzo hiyo. Walistahili kuipata.