Mashitaka ya Raia juu ya Askari

Mtu akiibiwa kuku hapa Namawala ajua pa kwenda. Atamwendea mwenyekiti wa kitongoji, na neno likiwa kubwa atakwenda polisi. Lakini aliyemdhulumu akiwa ndiye askari, aende wapi? Swali hili si jipya katika bonde letu la Kilombero, nalo kila serikali iliyotutawala imelijibu kwa namna yake. Yafaa tulifuate tangu zamani, maana lilipata jibu zito kwa sababu ya watu wa Mahenge, jirani zetu wa ng'ambo ya mto.

Zamani za Wadachi, akida na askari walikuwa kitu kimoja machoni pa watu. Akida alikusanya kodi na kusikiliza mashauri, na askari ndio waliomchapa mtu hamsa ishirini, yaani viboko 25. Aliyetaka kumshitaki akida ilimpasa kwenda bomani, na nguvu zote za akida zilitoka huko huko bomani. Hatusemi kwamba hili peke yake ndilo lililoleta Vita vya Maji Maji, kwa kuwa kodi na kazi za kulazimishwa zilikuwamo pia. Walakini tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro walipoishambulia boma ya Mahenge, wakafa wengi mbele ya bunduki za rashasha, waliiendea nyumba ile ile iliyopaswa kuyasikiliza malalamiko yao.

Waingereza waliunda polisi wa Tanganyika kwa tangazo la tarehe 25 Agosti 1919. Makao makuu yalikuwa Lushoto, hata yakahamia Dar es Salaam mwaka 1930. Sasa askari alikuwa na kanuni zilizoandikwa, na mkosaji alishitakiwa mbele ya mkubwa wake. Desturi hiyo ingali katika sheria yetu: askari aliyevunja nidhamu huhukumiwa na wakubwa wa jeshi lake, nao waweza kumkaripia, kumshusha cheo au kumfukuza kazi. Si jambo baya, kwani baba asipowaonya wanawe nani atawaonya? Ila jirani aliyepigwa na mtoto hawezi kuridhika daima na hukumu iliyotolewa chumbani na mlango umefungwa.

Baada ya uhuru serikali ya Mwalimu Nyerere iliyatambua haya. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Wajumbe wake walisafiri mikoani, wakawaeleza watu kazi yao na kuyapokea malalamiko juu ya watumishi wa serikali. Lakini uamuzi haukuwa wao. Taarifa ilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya.

Sheria ya mwaka 2001 iliweka mahali pake Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mwaka ule ule nyumba za wanakijiji wa Nyamuma, wilaya ya Serengeti, zilichomwa moto katika kuwahamisha, na mkuu wa wilaya pamoja na mkuu wa polisi wa wilaya wakalalamikiwa. Tume iliwasikiliza, ikaona wamedhulumiwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ilikataa, hata shauri likafika mahakamani. Hapo watu walijifunza kwamba kusikilizwa ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine.

Sasa tuje kwa jirani zetu. Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge walikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zao. Tarehe 14 walikamatwa na polisi pamoja na dereva wa teksi, nao wote wanne wakauawa kwa risasi. Polisi walitangaza kwamba wale walikuwa majambazi walioshindana nao kwa silaha. Kwa kawaida habari ingaliishia hapo. Neno jambazi likikwisha kuandikwa juu ya mtu aliyekufa, yeye hawezi kulifuta, na daftari liko mikononi mwa aliyeliandika.

Ndugu zao hawakunyamaza. Walikana kwamba watu wao walikuwa wezi, na magazeti yakayaandika maneno yao. Rais Jakaya Kikwete hakuwaachia polisi wajipeleleze. Aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Tume ikaona kwamba marehemu hawakuwa majambazi, bali wafanyabiashara. Ndipo maofisa na askari wakashitakiwa kwa mauaji, na mmoja wao alikuwa Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam.

Tarehe 17 Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachilia washitakiwa, kwa kuwa ushahidi haukuonyesha kwamba wao ndio waliofyatua risasi. Watu wengi walihuzunika. Sisi twaona hakimu hana budi kuhukumu kwa ushahidi ulioletwa mbele yake, wala si kwa machozi ya watu. Askari naye ni mtoto wa mtu, na damu haifutwi kwa kumnyonga asiyehusika. Serikali ilikata rufani. Mwezi Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa; Zombe akaachiliwa mara ya pili. Tangu mauaji hata hukumu hiyo ilikwisha pita miaka 10 na miezi 8.

Mwezi Januari 2022 huko Mtwara kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa baada ya polisi kuchukua fedha zake, naye akazidai. Polisi waliunda kamati yao ya uchunguzi. Rais Samia Suluhu Hassan aliikataa, akisema haifai waliotuhumiwa kuua wajichunguze wenyewe, akamwagiza Waziri Mkuu kuunda timu nyingine. Mwezi Juni 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu maofisa wawili kunyongwa, na wenzao watano wakaachiliwa.

Mwanakijiji wa kwetu asidhani kwamba yampasa kungoja mauaji ndipo aseme. Aliyenyimwa haki kituoni aweza kumwendea mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kamanda wa mkoa kule Morogoro. Akidaiwa rushwa aweza kwenda TAKUKURU. Tume ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko kwa barua au kwa mdomo, kwa hiyo hata mzee asiyejua kuandika hana kizuizi. Mradi aishike vema tarehe, saa, na jina la askari au namba yake.

Tume ya Jaji Kipenka na timu ile ya Mtwara ziliundwa kila moja kwa jambo lake, na kwa agizo kutoka juu. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, waliweka mamlaka ya kudumu iliyo nje ya polisi, nayo hulipokea shitaka la raia ye yote, hata kama habari zake hazikufika kwa Rais.