Kipoyi na Amani

Mtu akishikwa na ugonjwa usiku katika milima ya Masisi, hakuna anayeuliza nani mwenyekiti. Vijana hukusanyika, hukata miti miwili, hufunga kipoyi, nao hupokezana mabegani mpaka hospitali. Mgonjwa akifika, kikundi kimekwisha. Kila mtu hurudi shambani kwake. Hicho si chama. Hakina sanduku la fedha wala cheo cha kugombania. Kina kazi moja, nayo yajulikana na wote.

Je, desturi hiyo yaweza kusaidia hata nchi inapougua? Tutazame yaliyotupata.

Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, teritwari ya Walikale. Moto ule ukaruka hadi Masisi. Wahunde, Wanyanga na Watembo walikuwa upande mmoja. Wanyarwanda, yaani Wahutu na Watutsi, upande wa pili. Ugomvi ulikuwa juu ya mashamba, utawala wa kimila na haki ya uraia. Maelfu walikufa, na wengi zaidi walikimbia makwao.

Askari waliletwa, na mapigano yakapungua. Lakini bunduki hunyamazisha tu, haipatanishi. Kwa hiyo, tangu Novemba 1993 hadi Februari 1994, wakuu wa kimila, watu wa makanisa na wa vyama vya maendeleo walifanya siku za mazungumzo. Kazi yao ilikuwa moja: kuwaketisha pamoja majirani waliokimbiana. Nao utulivu ukarudi.

Haukudumu. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda, na kati yao askari walioshindwa na Interahamwe wenye silaha. Masisi ikawaka tena. Mapatano ya majirani hayakuweza kubeba mzigo ule.

Tena, tangu tarehe 6 hadi 23 Januari 2008, wajumbe zaidi ya elfu moja walikutana Goma, wakiongozwa na Padre Apollinaire Malu Malu. Vikundi vya silaha vilitia sahihi kuacha vita. Agosti mwaka uleule mapigano makubwa yakaanza upya.

Basi wengine husema: vikundi vya muda ni bure. Sisi hatukubali. Kipoyi hakimponyi mgonjwa. Kazi yake ni kumfikisha. Wachukuzi wakimwacha mlangoni, na ndani hakuna muuguzi, tutawalaumu wachukuzi? Waliokutana mwaka 1993 na mwaka 2008 walichukua vema. Kilichokosekana ni mikono ya kupokea.

Kwa hiyo, tunapoitwa kufanya kikundi, kama ni kutengeneza daraja au kuamua mpaka wa shamba, tuulize mambo matatu kabla ya kuondoka barazani: Kazi yetu ni ipi? Itakwisha lini? Nani atapokea tutakapoitua? La tatu ndilo tulilolisahau mara nyingi, nalo limetugharimu sana.