Chimwaga na Paa la Umma

Sisi watu wa visiwani tuna mazoea ya kudhani kuwa shairi likivuka Chalinze linapoteza chumvi yake. Ni mazoea mabaya, na Mathias Mnyampala peke yake anatosha kutusuta. Alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo, upande wa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, mahali ambapo bahari ni hadithi ya wasafiri. Akajifunza Kiswahili hadi akawa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na ndiye aliyetupatia ngonjera. Alifariki mwaka 1969, kabla ya kuviona vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikitoka chapa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ngonjera ina tabia moja ambayo mashairi mengine hayana, nayo ni kwamba haisomwi kitandani. Hutaka watu wawili au zaidi wa kujibizana, na umati wa kuwasikiliza. Inataka, kwa hiyo, mahali. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha washairi na kuwataka walieneze Azimio la Arusha kwa tungo zao. Washairi wakaitika, kila mmoja kwa kadiri ya imani yake. Lakini wito ule ulibeba swali ambalo sijaliona likijibiwa kwa ukamilifu hadi leo: wataimba chini ya paa la nani, na paa hilo litalipiwa na nani?

Katika pwani yetu swali hilo lilikwisha kupata majibu mawili kabla ya uhuru. Hapa Unguja, katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilijenga jumba la Raha Leo kama sehemu ya mpango wake wa kuijenga upya Ng'ambo. Lilikuwa jumba la jamii kwa maana halisi ya neno, lakini mlipaji alikuwa mtawala, na mtawala hajengi bila ya kuwa na lake moyoni. Lake lilikuwa kuwatuliza wakaazi wa Ng'ambo na kuwaongoza namna ya kustarehe. Wenyewe wakalitumia kwa namna zao, na tarehe 12 Januari 1964 sauti iliyotangaza kuanguka kwa serikali ilitoka mumo humo. Dar es Salaam nayo ilipata Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, kwa ukarimu wa tajiri wa Kigiriki, George Arnautoglu. Humo TANU ilifanya mikutano yake. Sijui kama mfadhili aliyategemea hayo, lakini ndivyo zilivyo kumbi: ukishajenga, huna amri tena juu ya maneno yatakayosemwa ndani.

Bara ya kati ilipata jibu la tatu. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi wetu tuliijua kwa herufi zake tatu, CDA, hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Mji ukaanza kuchorwa upya. Mwaka 1975 Katiba ikatamka wazi kuwa Chama ndicho chenye kushika hatamu, na mwaka 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa CCM. Katika hali hiyo, kumuuliza mtu kama jengo fulani ni la Chama au ni la umma kulikuwa sawa na kumuuliza kama maji ya mtungini ni ya mtungi au ni ya kisima. Mishahara ilikatwa, michango ilipitishwa, wananchi walibeba mawe, Hazina nayo ilitoa sehemu yake. Viwanja vya mpira na kumbi zikasimama kila mkoa.

Kisha ukaja mwaka 1992 na vyama vingi. Swali lililokuwa la kipuuzi likawa la kweli, tena chungu. Viwanja kama Kirumba cha Mwanza na Jamhuri cha Dodoma vilibaki mikononi mwa CCM, ilhali waliochangia walikuwa watu wote, wakiwemo waliokuja kujiunga na vyama vingine. Sitaki kuufufua ugomvi huo hapa, ila nitasema ninavyoona: michango ile haikuandikwa daftari moja la wanachama na jingine la wananchi, na kutokuandikwa huko ndiko kulikoamua kesi.

Chimwaga ilikuwa miongoni mwa mali hizo. Ni kilima kilicho kama kilomita nane kutoka katikati ya mji, penye ukumbi mkubwa wa mikutano uliokuwa wa CCM. Jina hili liliingia masikioni mwetu kwa redio. Mwaka 1995 nilikuwa kijana, nikisikiliza barazani pamoja na wazee, Benjamin Mkapa alipoteuliwa kugombea urais mbele ya Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Mwaka 2005 tulisikiliza tena, safari hii kwa moyo wa visiwani zaidi, kwani Salim Ahmed Salim alikuwa miongoni mwa watatu wa mwisho. Kikwete akashinda, na baraza letu likanywa kahawa bila ya maneno mengi.

Yaliyofuata ndiyo yanayonivuta kuandika. CCM iliyatoa majengo ya Chimwaga yawe chimbuko la Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Mkapa, aliyetoka katika ukumbi ule akiwa mgombea, akawa Mkuu wa kwanza wa chuo. Ukumbi mmoja hauwezi kuwa chuo kilichokusudiwa kuchukua wanafunzi 40,000, kwa hiyo serikali iliigeukia mifuko ya hifadhi ya jamii, nayo ikagharimia majengo ya ndaki mbalimbali kwa makubaliano ya kulipwa baadaye. Maana yake ni kwamba akiba ya uzeeni ya karani wa Tabora na muuguzi wa Songea ikageuka matofali ya Dodoma. Ulipaji wa madeni ya namna hiyo ulisuasua miaka mingi, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alilitaja jambo hilo katika ripoti zake. Mwaka 2018 mifuko kadhaa ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, na madeni yakaunganishwa nayo.

Hivyo ndivyo paa kubwa linavyopatikana. Paa dogo lina njia yake, ndefu kuliko urefu wa jengo lenyewe. Wananchi hukutana katika mkutano wa mtaa, wakapendekeza; pendekezo likaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Ipo pia sheria ya mwaka 2009 ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Desturi iliyozoeleka ni kuwa wananchi wapandishe boma kwa nguvu zao, halafu serikali ipaue. Darasa hutangulia, zahanati hufuata, ukumbi husubiri. Siwezi kulaumu mpango huo mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa, lakini kusubiri huko kumekuwa kwa muda gani?

Nilipokwenda Dodoma nilipelekwa kwenye boma moja la namna hiyo, katika mtaa ambao sitautaja. Kuta zimefika usawa wa linta, ndani umeota mchongoma. Wazee walinipokea kwa mbukwenyi, wakaniketisha kivulini. Mmoja wao, aliyewahi kuongoza kikundi cha ngonjera shuleni, alinionesha mahali palipopangwa kuwa jukwaa.

"Makisio ya mabati tumeyaandika mara tatu, mzee mwenzangu," aliniambia. "Kila tukipeleka, bei imekwisha panda."

Aliitoa karatasi mfukoni, ikiwa imekunjwa mara nne, na kuniomba mimi mgeni wa kalamu nimsahihishie barua ya mara ya nne. Tuliiandika pale pale, juu ya goti langu, yeye akitaja tarakimu na mimi nikipanga maneno.

Mkutano wa kata ulikuwa Alhamisi.