Makumbusho ya Akropoli

Makumbusho ya Akropoli (kwa Kigiriki: Μουσείο Ακρόπολης) ni makumbusho ya akiolojia mjini Athens, nchini Ugiriki. Yanahifadhi vitu vilivyopatikana kwenye kilima cha Akropoli na miteremko yake.

Historia
Makumbusho ya kwanza yalijengwa juu ya kilima chenyewe na kukamilika mwaka 1874, lakini baadaye nafasi haikutosha. Jengo la sasa, lililobuniwa na msanifu majengo Bernard Tschumi, lilifunguliwa tarehe 20 Juni 2009 chini ya kilima, takriban mita 300 kutoka hekalu la Parthenon. Wakati wa kuandaa kiwanja yalifukuliwa mabaki ya mtaa wa kale, yakiwemo nyumba, mabafu na barabara. Kwa sababu hiyo jengo lilisimamishwa juu ya nguzo. Tangu mwaka 2019 wageni wanaweza kuyatembelea mabaki hayo.

Maonyesho
Mgeni hupanda kwanza ukumbi wenye mteremko, ambao sakafu yake ina sehemu za kioo zinazoonyesha mabaki yaliyo chini. Ghorofa ya kwanza ina sanamu za kabla ya Parthenon, kama ile ya mwanamume aliyebeba ndama mabegani. Hapo pia zipo Karyatidi 5, yaani nguzo zenye umbo la wanawake zilizotoka katika hekalu la Erekhtheion. Ya sita iko British Museum, London.

Ghorofa ya juu imegeuzwa ili ielekee sawasawa na Parthenon, ambayo huonekana kupitia kuta za kioo. Ukanda wa michongo wa hekalu hilo, wenye urefu wa mita 160, umepangwa kama ulivyokuwa mahali pake pa asili.

Suala la michongo iliyo London
Kati ya miaka 1801 na 1812, watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza katika Milki ya Osmani, waliondoa sehemu kubwa ya michongo ya Parthenon. Serikali ya Uingereza iliinunua mwaka 1816. Ugiriki inadai irudishwe, ilhali British Museum inasema iliipata kihalali. Makumbusho ya Akropoli huonyesha nakala za plasta mahali pa vipande visivyokuwepo. Weupe wake huzitofautisha na marumaru halisi. Mwaka 2023 Vatikani ilirudisha vipande 3.